Mikutano Mitano na Kidoti

Bahasha ya mahakama ilimkuta amechuchumaa katikati ya makatoni ya dripu. Hospitali nzima ilimwita Mama Stoo, maana kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeshika funguo za stoo ya dawa, na hakuna hata sindano iliyotoka mle bila yeye kuitia jicho. Madaktari walimtania kwamba siku ya kufa atamdai mtoa roho hati ya mzigo kwanza. Yeye hucheka nao, kisha huhesabu upya.

Siku hiyo hakuhesabu kitu. Alikata bahasha kwa mkasi wa bandeji, akapeperusha kurasa sita mpaka chini kabisa penye jumla, halafu akakaa juu ya katoni, likabonyea.

Miezi miwili nyuma, jaji alikuwa ameamua kwamba binti yake wa miaka tisa akae kwa baba. Mtoto huyo nyumbani walimwita Kidoti, kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo. Kwa kuwa wazazi walikuwa wanavutana, mahakama ilimteulia wakili wake mwenyewe, asiye wa baba wala wa mama, kazi yake kumsikiliza mtoto na kumsemea. Ripoti ya wakili huyo ndiyo iliyokata shauri. Na gharama zake, jaji alisema, wazazi watalipa nusu kwa nusu. Siku ile Mama Stoo alikuwa analia. Maneno hayo yalimpita kama upepo. Sasa yalikuwa yamerudi kwa maandishi. Nusu yake peke yake ilikuwa mishahara saba.

"Nimenyolewa bila maji, dada," alimwambia dada yake mkubwa kwenye simu, "na sasa naletewa bili ya wembe."

Kesho yake, kabla ya saa sita, baba Kidoti alikuja mwenyewe kwenye dirisha la stoo. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu nadhifu wa kunyoosha hata kola ya fulana. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Katika miaka minane ya ndoa yao hakuwahi kumkaripia mbele ya watu. Alikuwa anashusha sauti, na kadiri alivyoishusha ndivyo nyumba nzima ilivyonyamaza.

"Habari za kazi, mama Kidoti."

"Nzuri."

"Nasikia ile ankara ya wakili imekufikia."

"Umesikia wapi? Imefika jana tu."

Akatabasamu. "Maneno yana miguu." Alipitisha karatasi moja chini ya kioo. "Sasa kwa nini ujiue na deni? Mimi nitalipa yote, yako na yangu. Wewe weka sahihi hapo, basi, yaishe."

Aliisoma amesimama. Ilisema kwamba mama hatarudi mahakamani kudai lolote juu ya mtoto, na kwamba zile Jumamosi mbili za mwezi alizopewa za kumwona zitakuwa kwa hiari ya baba.

"Na nisipoweka?"

"Mimi sikulazimishi." Sauti ilishuka, ikabidi asogeze sikio kwenye kioo. "Watakuja kukamata vyombo vyako. Kitanda, jiko, cherehani. Halafu jaji atauliza, huyu mama asiye na hata kitanda, mtoto atalala wapi hizo Jumamosi? Nakupa mpaka Ijumaa."

Dada yake, alipoelezwa, alivuta pumzi ndefu. "Saini, mdogo wangu. Mwenye nguvu mpishe. Mtoto ni wa mama. Akikua atakutafuta kwa miguu yake."

Lililomvunja moyo Mama Stoo zaidi halikuwa deni. Lilikuwa sentensi moja ya Kidoti. Kila Jumamosi ya zamu yake, shangazi wa mtoto, ambaye aliishi na kaka yake na kumlea Kidoti, alimleta mtoto mpaka geti la hospitali na kumchukua hapo hapo jioni. Nyumba yao mpya Mama Stoo hakuwahi kuiona. Na kila alipomuuliza mwanawe hali, mtoto alijibu vile vile, macho chini: "Niko vizuri, mama. Kwa baba nina kila kitu ninachohitaji." Sentensi hiyo ilikuwa pia ndani ya ripoti, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu. Mama Stoo aliichukulia kuwa ndiyo kauli ya moyo wa mwanawe. Ungembishia nini mtoto anayerudia jambo hilo hilo kwa kila mtu?

Alhamisi mchana, wodi zimetulia, aliamua kusaini. Alitoa kalamu, akaifungua. Mkono ukagoma.

Haukuwa ujasiri. Yalikuwa mazoea tu. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kusaini mzigo ambao hakuukagua, na huu mzigo wa wakili hakuukagua. Aliruka moja kwa moja kwenye jumla, kosa ambalo angemfukuzia kazi msaidizi wake. Basi akavuta ankara, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza kushuka taratibu.

Kila mstari ulikuwa na tarehe, kazi iliyofanyika na muda wake. Kulikuwa na mikutano mitano na mtoto, yote "nyumbani kwa baba". Mkutano wa pili ulikuwa wa tarehe kumi na nne mwezi wa tano, kwa muda wa saa mbili na nusu.

Rula ilisimama hapo.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tano Kidoti alikuwa wodi ya watoto, kitanda cha dirishani, mkono wa kushoto umefungwa plasta. Aliletwa tarehe kumi na tatu, akatoka kumi na sita. Baba yake alisema ameteleza kwenye ngazi za nyumbani. Mama Stoo ndiye aliyelala siku zote hizo kwenye kiti cha plastiki kando yake, na zaidi ya manesi na daktari hakuja mtu, si wakili, si karani wa wakili.

Alishuka tena. Simu na baba wa mtoto: kumi na tisa. Simu na mama wa mtoto: moja, dakika sita. Aliikumbuka, aliulizwa ana vyumba vingapi. Ukurasa wa tano, karibu na mwisho, rula ikasimama mara ya pili. "Kurekebisha ripoti ya mtoto baada ya kupokea maoni ya baba. Saa moja na nusu."

Aliusoma mara tatu. Tamaa ina ujinga wake. Mtu aliyeficha kila kitu alishindwa kuificha ile saa moja na nusu kwa sababu ilikuwa na bei.

Kama wakili hakukaa na mtoto, basi ile sentensi ilitoka kwa nani? Na Kidoti alifundishwa na nani kuisema, tena kwa njia gani, hata ikamtoka kila mara bila kukosea silabi?

Ijumaa asubuhi baba Kidoti alipiga simu mara mbili. Hakupokea. Alikuwa kwenye dirisha la masjala ya mahakama, mbele ya karani mmoja mwanamke aliyekuwa anamenya chungwa juu ya faili.

"Hukumu huwezi kuigusa hapa, mama, muda wa rufaa umeshapita," karani alisema. "Ila ankara unaweza kuipinga. Siku kumi na nne tangu uipokee. Umepokea lini?"

"Jumanne."

Karani akafuta vidole. "We una bahati. Watu wengi hunijia siku ya kumi na tano, na machozi." Alimpa fomu, akamwonyesha pa kujaza, akagonga muhuri.

Jumatatu, baba Kidoti alimngojea nje ya geti la hospitali. Hakushuka garini. Aliteremsha kioo kidogo tu.

"Umefanya nini, mama Kidoti?"

"Nimeuliza maswali juu ya bili. Siruhusiwi?"

"Unaruhusiwa." Alimtazama kwa muda, kama fundi anayekagua ukuta. "Kila mtu anaruhusiwa kitu."

Jumamosi iliyofuata mtoto hakuletwa. Shangazi alisema kwenye simu kwamba ana homa, akakata kabla hajaulizwa homa ya nini. Jumamosi nyingine ya zamu yake alimleta, amechelewa kwa saa mbili. Jua lilikuwa linachoma lami, na Kidoti alivaa sweta la mikono mirefu, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua sweta, utapikika."

"Sisikii joto."

Walikaa kwenye benchi la bustani ya hospitali. Mama alinunua maji; mtoto hakuyagusa. Aliangalia geti, akamwangalia mama, kisha akasema haraka, kama anayetema kitu kichungu:

"Mama, usibishane na ile karatasi. Ukibishana nitapelekwa shule ya mbali, na wewe hutaambiwa ni wapi."

"Nani kasema?"

Kidoti akafumba mdomo. Alipoufungua tena, ile sentensi ilitoka, laini, imekamilika: "Niko vizuri, mama. Kwa baba nina kila kitu ninachohitaji."

Mama Stoo alitaka kumvua lile sweta kwa nguvu. Hakuthubutu. Shangazi alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka pale, simu mkononi, na Mama Stoo alijua kwamba kila atakachofanya kitamfikia baba kabla jua halijazama.

Ankara ilisikilizwa na msajili wa mahakama, katika chumba kidogo chenye feni iliyozunguka kwa kukwaruza. Wakili wa mtoto alikuja na mkoba wa ngozi na harufu ya waridi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya asali, na alimsalimia Mama Stoo kwa kumshika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Najua uchungu wa mzazi."

Msajili, mtu mkavu aliyeonekana hana hamu na maneno mengi, aliweka kidole kwenye karatasi. "Mkutano wa tarehe kumi na nne. Mama analeta rejista ya wodi. Mtoto alikuwa amelazwa."

"Ni kosa la uchapaji, Mheshimiwa. Ilikuwa kumi na tano."

"Alikuwa bado amelazwa."

"Basi kumi na saba."

Msajili akageuza ukurasa. "Kumi na saba umedai nauli ya kwenda mji mwingine kuzungumza na bibi wa mtoto. Siku nzima."

Feni ikakwaruza. Wakili alitabasamu, lakini waridi lilianza kuchanganyika na jasho.

"Daftari la mahojiano yako na mtoto liko wapi?" msajili aliuliza.

Alichotoa kilikuwa nusu ukurasa. Msajili alikisoma, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mkutano wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Akaacha mmoja, wa nusu saa. Halafu akasoma kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha: "Kurekebisha ripoti ya mtoto baada ya kupokea maoni ya baba. Saa moja na nusu." Akainua uso. "Maoni gani?"

Baba Kidoti, aliyekuwa amekaa nyuma, alinyanyuka na kutoka. Mlango aliufunga polepole sana, hata kitasa hakikulia.

"Mama," msajili alisema, "mimi hapa napima gharama tu. Kuhusu mtoto akae wapi, sina mamlaka. Lakini hiki nitamwandikia jaji leo leo."

Jaji alifungua upya jalada baada ya siku tisa. Aliiweka kando ripoti, akamteulia Kidoti wakili mwingine ambaye atalipwa na mahakama yenyewe, na akaagiza mtoto asikilizwe upya. Siku hizo tisa Mama Stoo hakulala usingizi wa kueleweka. Alipiga simu kwa shangazi kila siku, iliita, ikakatwa, iliita, ikakatwa, siku ya nane haikuita kabisa.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, alikuwa kwenye gari la ofisa wa ustawi wa jamii, yeye na wakili mpya. Huyu alikuwa mwanamke mrefu wa viatu vilivyochakaa, ana mafua, anapiga chafya na kuomba radhi, anapiga chafya na kuomba radhi. Geti la baba Kidoti lilikuwa limeachwa wazi. Gari lake halikuwepo.

Shangazi alifungua mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wifi," alisema, "umechelewa. Wameondoka saa mbili."

Mama Stoo aliingia bila kukaribishwa. Alipita sebule, akapita jikoni, akapita vyumba vitatu mpaka uani, akiita jina la mwanawe ingawa alishaambiwa hayupo. Marumaru yaling'aa kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, tambarare kama maji ya beseni. Katikati ya korido akasimama ghafla, akageuka.

"Wifi. Ngazi ziko wapi?"

"Ngazi gani?"

"Ngazi za humu ndani. Alizoteleza mtoto akavunjika mkono."

Ilikuwa nyumba ya chini. Haikuwa na ghorofa, haikuwa na kipandio, hata kizingiti haikuwa nacho. Shangazi akateremka ukutani mpaka akakaa sakafuni na kujifunika uso kwa kanga. Wakili mwenye mafua akatoa daftari. Akaandika kitu kifupi.

"Alinifanya niape," shangazi alisema ndani ya kanga. "Mimi nakula kwake, nalala kwake. Ningekwenda wapi?"

"Mtoto yuko wapi?" ofisa aliuliza.

Akawatajia shule. Ya bweni, mwendo wa saa moja na nusu, ambayo alisikia kaka yake akiilipia ada ya mwaka mzima kwa simu.

Njiani ofisa alimpigia simu mwalimu mkuu na kumwamuru asimruhusu mtu yeyote kuondoka na mtoto yule. Walimkuta Kidoti ofisini, kwenye kiti kirefu kilichomwacha miguu yake ikining'inia, sanduku jipya la bati miguuni. Sweta lile lile. Alipomwona mama yake hakukimbia. Alishika ukingo wa kiti.

Wakili alijipangusa pua, akavuta kiti, akakaa mbali kidogo naye. "Habari yako. Mimi ni wakili wako."

"Ninaye wakili."

"Yule ameondolewa. Sasa ni mimi."

Kidoti alimkagua kuanzia viatu. "Wewe unalipwa na nani?"

"Na mahakama."

"Siyo baba?"

"Siyo baba. Wala siyo mama."

Mtoto alifikiri. Kisha akasema, bila kumtazama mama yake, "Basi mama atoke nje."

Neno hilo lilimchoma. Lakini alitoka, na mwalimu mkuu na ofisa wakatoka naye, mlango ukafungwa. Alisimama kwenye veranda, mgongo ukutani. Watoto wa shule walikuwa wanapanga foleni bombani na vikombe vyao, wanasukumana, wanacheka. Kupitia mlangoni alisikia chafya za wakili, moja, halafu nyingine. Kisha sauti ndogo ya mwanawe ikaanza, maneno hayasikiki, inakwenda, inasita, inakwenda tena. Chafya zikakoma. Kwa muda mrefu hakuzisikia kabisa, na hilo lilimtisha kuliko kilio.

Mlango ulipofunguka, wakili hakumtazama yeye. Alimwendea ofisa wa ustawi, akasema kwa sauti ya chini, "Mpigie jaji. Sasa hivi, usingoje jioni. Na tunahitaji daktari."

Alasiri hiyo hiyo jaji alitoa amri kwa simu, na maandishi yakafuata kesho yake: mtoto aende na mama. Walimpakia kiti cha nyuma pamoja na sanduku lake. Gari lilikuwa la moto kama tanuri.

"Naruhusiwa kufungua kioo?" Kidoti aliuliza.

"Fungua, mwanangu."

Akafungua kiasi cha vidole viwili. Baada ya kitambo akauliza kama anaruhusiwa kukifunga.

Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa kumi na saba, nayo haikuwa na sentensi hata moja iliyofanana na ile ya kwanza. Wakili wa sauti ya asali aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mawakili, na shauri lake linaahirishwa mpaka leo. Ankara yake ilishuka ikawa ya nusu saa ile moja na karatasi chache. Mama Stoo alilipa nusu yake dirishani, akapewa stakabadhi. Shangazi alihamia kwa ndugu mwingine na kuandika maelezo yake polisi, ukurasa na nusu. Na baba Kidoti alishtakiwa kwa kumjeruhi mtoto, akakana, akatoka kwa dhamana siku hiyo hiyo.

Kesi ilipotajwa mara ya kwanza, Mama Stoo alikwenda na binti yake, kwa sababu wakili mpya alisema mtoto anatakiwa awepo jengoni. Kwenye korido walimkuta baba Kidoti amesimama karibu na chumba cha kesi, shati limepigwa pasi, faili kwapani, anazungumza na mawakili wake wawili. Aliwaona. Akawaacha mawakili, akapiga hatua moja tu mbele, akainama kidogo.

"Umekua, Kidoti," alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba askari wa mlangoni hakuisikia.

Vidole vya Kidoti vilizama kwenye kiganja cha mama mpaka kucha zikauma, na hakuvilegeza hata karani alipotoka na kuita namba ya kesi. Wakaingia hivyo hivyo, wameshikana, na nyuma yao zikasikika hatua za baba, hazina haraka, zinawafuata ndani.